Kabla Hujaaga Mtaa Mzima, Sikiliza Dada Yako

Sogea hapa, mdogo wangu, tulizungumze hili jambo linalokunyima usingizi. Uko chuoni, unasoma muziki, umesikia kuna nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo muhula mmoja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, na tangu siku hiyo hutulii. Nyumbani Kilosa wameshajua. Shangazi wa Mikumi ameshajua, na akijua shangazi, stendi nzima imejua. Na pasipoti bado huna! Sikugombezi sana, maana furaha haifichiki, na wenzako wengi wamefanya hivyo hivyo. Ila mtu akishaagwa mara mbili bila kuondoka, anaanza kuona aibu, na aibu ndiyo inayowasukuma vijana kwenye njia za mkato.

Namsema yule kaka wa kijiweni anayedai ana mtu wake ubalozini, umpe laki tatu tu akuingizie jina. Mkimbie. Mpango huu hauna dalali. Jina lako linapelekwa na chuo chako mwenyewe, na unabaki kuwa mwanafunzi wa chuo hicho, kiwe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Makumira kule Arusha. Chukua mfano wa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya: mwanafunzi anakwenda kusoma kwa miezi 2 hadi 12, halipi ada kule anakopokelewa, na anapewa posho ya kujikimu na mchango wa nauli. Ukiona mtu anakudai hela ili upate nafasi ambayo haiuzwi, huna haja ya kuniuliza mimi.

Halafu kuna karatasi moja ambayo watu huisaini bila kuisoma: mkataba wa masomo. Una sahihi tatu, yako, ya chuo chako na ya chuo kinachokupokea, na ndani yake yameandikwa masomo utakayosoma kule na yatakavyohesabiwa ukirudi. Msichana anafika, anaona darasa la kutunga muziki wa sinema, moyo unamwenda mbio, anaacha lile aliloandikiwa na kuhamia huko bila kumwambia mtu. Anarudi na alama nzuri kabisa, idara inamwambia hazina pa kuingia. Wenzake wanavaa majoho, yeye anarudia muhula. Mdogo wangu, kama unataka kubadilisha somo, badilisha, lakini andika barua pepe kwa mratibu wa chuo chako kabla ya kuingia darasani. Na kama unasoma kwa mkopo, nenda ukaulize mapema utakuwaje. Kuuliza si ujinga.

Haya, tuje kwenye muziki wenyewe, maana huku ndiko mnakoumia kimya kimya. Wengi wenu mmetoka kwenye kwaya. Mmejifunzia kwenye ubao wenye d na r na m, nukta mbili kati ya pigo na pigo, mwalimu anagonga fimbo mezani, na baada ya jioni chache sauti zote nne zimeshikana. Huo ni ujuzi wa kweli, mtu asikudanganye. Lakini kule mwalimu atakuwekea mbele karatasi ya mistari mitano, atasema piga, na hatakuimbia kwanza. Utashikwa na kijasho. Utaona mtoto mdogo anasoma nota kama anavyosoma gazeti, utajiona hujui kitu, usiku utalia. Sasa kwa nini usubiri kulia? Miezi hii uliyo nayo kabla ya safari, kaa na kinanda cha kanisani kila siku, ufungue nota za mistari, usome polepole kwa sauti. Usikimbilie nyimbo ngumu ili watu wakusifu. Soma nyimbo rahisi, nyingi, ambazo huzijui.

Na hapo hapo nikugeuzie upande wa pili, kwa sababu kuna kilio kikubwa kuliko hicho. Wiki ya kwanza tu watakwambia, tupigie cha kwenu. Utapiga nini? Bongo Fleva wanayo kwenye simu zao. Umezaliwa katika wilaya ya Kilosa, ya Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, bibi yako anajua nyimbo za harusi na za unyago ambazo hazijaandikwa popote, na wewe hujawahi kumwuliza hata mmoja. Mcheza kwao hutunzwa, wangu, lakini lazima kwanza ucheze kwao.

Mtazame marehemu Hukwe Zawose. Alitoka Ugogoni, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, hiki tunachokiita TaSUBa leo. Alipofika Uingereza kurekodi na kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel, hakuacha zeze na ilimba hotelini ili afanane na wenyeji. Aliimba Kigogo, na albamu ya Chibite ikatoka mwaka 1996. Mtazame na Dk. Kedmon Mapana, ambaye amekuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Naye ni wa Ugogoni, amekwenda Marekani kwa muziki ule ule wa nyumbani, na kwao Chamwino hakukupa kisogo. Hata bendi ya Morogoro Jazz, wakiwa na Mbaraka Mwinshehe, walipokwenda Osaka, Japani, kwenye maonesho ya Expo 70, walikwenda na muziki wa Morogoro.

Kwa hiyo likizo hii usishinde Mikumi mjini ukihesabu malori ya Zambia. Beba kilo ya sukari, nenda kwa bibi, kaa chini, mwombe akufundishe wimbo mmoja mpaka uweze kuuitikia bila kusita. Ukitaka kumrekodi, omba ruhusa. Nyimbo nyingine ni za ndani, atakukatalia, na wewe heshimu. Uliza pia wimbo ni wa nini, unaimbwa lini, nani haruhusiwi kuuimba. Maswali hayo utaulizwa kule na maprofesa, na ukiyajibu kwa kubuni utajidharau mwenyewe.

Ngoma utakayobeba nayo ina mambo yake. Wewe mtu wa Mikumi unaishi mlangoni mwa hifadhi, kwa hiyo hili nalisema kwa ukali: usinga wa mkia wa nyumbu, hata kama ni wa babu, usiuweke kwenye begi. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hizo ni nyara za serikali, na bila kibali utalala mahabusu wakati ndege inapaa. Chombo kilichowambwa ngozi ya kenge au chatu nacho kinagusa mkataba wa kimataifa wa CITES, kinataka vibali. Hata ngozi ya mbuzi, ikiwa mbichi na ina harufu, maofisa wa mpakani wanaweza kuizuia. Tafuta fundi akuwambie ngozi iliyokauka na kusafishwa vizuri. Ukifika usijaribu kuipasha moto chumbani kama tunavyofanya kwetu: king'ora cha moshi kitalia, watatoka bweni zima na nguo za kulalia. Tena baridi ikianza na nyumba zikapashwa joto, hewa inakauka mpaka ngozi inapasuka. Iweke mbali na ile mashine ya joto.

Baridi na giza vitakuingia rohoni. Mwezi wa kumi na mbili jua linazama mchana bado haujaisha, unatoka chumba cha mazoezi hujazungumza na mtu tangu asubuhi. Si udhaifu wako, wala hujarogwa. Tafuta kwaya ya kuimba, hata kama huelewi lugha yao vizuri, kwa sababu kwenye kwaya mtu hakai peke yake. Na ukienda kusikiliza okestra, watazame wapiga klarineti na oboe. Vyombo vile vizuri vyeusi hutengenezwa kwa mpingo, mti unaoota kwenye misitu yetu ya Tanzania. Hukuingia ukumbini ukiwa mgeni wa kwanza kutoka kwetu.

Simu za nyumbani nazo zitakuja. Bati, karo, msiba, bodaboda ya kaka. Watu watakuona tajiri kwa kuwa uko Ulaya. Posho ile imepimwa kwa mdomo mmoja, kodi ya chumba ikitoka unabaki na ya chakula na nauli. Mweleze mama ukweli kabla hujaondoka, kwa hesabu, akiwa ametulia. Ukianza kutuma ili usionekane mchoyo, mwezi wa tatu utalala na njaa na hutamwambia mtu.

Halafu lile linaloniogopesha kuliko yote. Utapata rafiki atakayekwambia, baki, viza ikiisha tutaona. Mdogo wangu, rudi. Utakaa ukijificha, ukiosha vyombo, chombo chako kimelala chini ya kitanda. Na chuo kilichokupokea kitaanza kuwaogopa wanaokuja nyuma yako, yule binti wa Kimamba au kijana wa Kidodi ambaye hujamwona. Rudi, umalize shahada yako, kisha uombe tena kwa mlango wa mbele.

Na wewe ambaye jina halikutoka, usifikiri umefungiwa dunia. Marehemu Salum Abdallah, mwanamuziki wa Morogoro, inasimuliwa kwamba akiwa kijana alitoroka kwenda Cuba kwa mapenzi ya muziki, akaishia Mombasa. Cuba hakufika. Akarudi Morogoro, na bendi yake ya Cuban Marimba ikachezesha nchi nzima. Tena ng'ambo si Ulaya peke yake. Chuo Kikuu cha Kenyatta jijini Nairobi wanafundisha muziki, chuo kikuu cha Legon nchini Ghana ndiko alikofundisha Profesa Nketia, mtafiti wa muziki wa Afrika, na hata bila kuvuka mpaka, Zanzibar kuna chuo cha muziki cha DCMA, tangu 2002, ambako utafundishwa udi, ganuni na taarabu na watu wanaoviishi.

Basi tuanze na la karibu. Pasipoti ni shilingi 150,000, na huipati bila cheti cha kuzaliwa, ambacho najua wengi wenu hamna. Ubalozini Dar kuomba viza utakwenda baadaye, tena siku hizi treni ya umeme inasimama Kilosa. Lakini Jumatatu hii, kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote habari za safari, nenda wilayani ukaulizie cheti chako.