Jifunze: Kupanda Mlima Kenya kwa Usalama Kupitia Njia ya Chogoria

Mlima Kenya una vilele vitatu vinavyojulikana zaidi. Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188) hupandwa kwa kamba na wakwezi wenye ujuzi. Lenana (mita 4,985) hufikiwa kwa miguu, na ndicho wakazi wengi hulenga.

Kwa nini watu huugua?
Kadiri unavyopanda, ndivyo kanieneo ya hewa inavyopungua. Karibu na Lenana, kila pumzi huwa na zaidi kidogo tu ya nusu ya oksijeni unayopata ufuoni Mombasa. Mwili huzoea hali hiyo, lakini huhitaji siku kadhaa. Kuzaliwa chini ya mlima si kinga, wala ujana na nguvu. Mpagazi anaweza kuugua sawa na mgeni.

Panga siku zako
Ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulikolala jana. Lango la Chogoria liko karibu mita 3,000. Lala hapo usiku wa kwanza, kisha usiku mbili karibu na Ziwa Ellis (takriban mita 3,500). Kutoka hapo hadi kambi ya Mintos (takriban mita 4,200) ni zaidi ya mita 500, na ndiyo sababu ya ule usiku wa ziada. Siku inayofuata, anza safari ya Lenana kabla ya alfajiri, kwa kuwa mawingu hufunika mlima baadaye mchana.

Dalili
• Za mwanzo: kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, kukosa hamu ya kula. Usipande zaidi hadi zitakapoisha.
• Za hatari: kuhema hata ukiwa umepumzika, kukohoa povu, kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa. Mshushe mgonjwa mara moja, hata kama ni usiku. Asiachwe peke yake, wala asiambiwe alale kwanza.

Kabla ya kuondoka
Miezi ya Januari na Februari huwa na mvua chache. Beba nguo za baridi, koti la mvua, tochi na maji. Tumia mwelekezi aliyeidhinishwa, na ujiandikishe langoni kwa maafisa wa KWS unapoingia na unapotoka. Mwachie mtu wa nyumbani siku yako ya kurudi.

Kilele kitakuwepo mwaka ujao. Hakikisha nawe utakuwepo.