Mwenzako Amekula?

Somo: Ruthu 2:8–16, 1 Kor 11:20–22, 33



Chuoni njaa haina sura. Mwanafunzi pale Kizumbi au Kolandoto amevaa vizuri, simu mkononi, kwaya yumo, kumbe tangu jana amepiga deshi. Mwenye mkopo wa Bodi ana afadhali: posho ya chakula na malazi ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/2023. Lakini wengi wa cheti na diploma hawana boom. Wanategemea nyumbani, na kama nyumbani ni Nyarugusu, duara lisipotema hela haitumwi. Michembe aliyofungashiwa na mama ikiisha, ni pasi ndefu. Wengine hawana hata kitanda: wanabebana hosteli kwa siri, au wanalala geto la mtu ambaye kesho atadai "shukrani". Usimhubirie huyo usafi wa moyo kabla hujamuuliza amelala wapi.

Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu walikutana kwa Chakula cha Bwana huku mmoja ana njaa na mwingine amelewa. Dawa aliyowapa ni kungojana. Katekisimu nayo (na. 1397) inafundisha kwamba Ekaristi inatufunga na maskini. Sasa jiulize: tukikomunika pamoja Jumapili, tunajua nani hajala Jumatatu?

Tumsaidieje mwenzetu bila kumwaibisha? Tumtazame Boazi. Sheria ilimruhusu Ruthu kuokota masazo (Law 19:9–10). Boazi akaongeza: watumishi wachomoe masuke kwenye miganda, wayaache chini makusudi, wala wasimkemee. Ruthu akarudi nyumbani na shayiri na heshima yake. Hakuna aliyempiga picha.

Wiki hii:

1. Pikeni pamoja. Mwenye mchele alete mchele, mwenye dagaa alete dagaa, asiye na kitu aoshe sufuria. Wote mle sahani moja.
2. Wana TMCS, wekeni mfuko mdogo. Majina ya wanaosaidiwa yaishie kwa mlezi tu.
3. Kama mwenye njaa ni wewe, mwambie mtu mmoja unayemwamini. Hata nabii Eliya alimwomba mjane wa Sarepta mkate (1 Fal 17). Kuomba siyo dhambi.

Tusali: Bwana Yesu, uliyewalisha makutano, utupe macho ya kumwona mwenye njaa aliyekaa benchi moja nasi, na busara ya kumpa bila kumwaibisha. Amina.