Kifurushi Changu cha Kwanza cha Debian

Muhula uliopita niliandika kwa Python programu ndogo ya maktaba ya jumuiya yetu: nani ameazima kitabu gani, na atakirudisha lini. Kuihamishia kwenye kompyuta nyingine ndiko kulikonitesa. Kila nikinakili kwa flashi, nasahau faili moja. Nikaamua kujifunza kutengeneza kifurushi cha Debian, yaani faili moja tu lenye mwisho wa .deb.

Kazi karibu yote imo katika folda iitwayo debian, ndani ya folda ya programu. Faili la control hutaja jina la kifurushi na vifurushi vingine kinavyovihitaji. Changelog huweka matoleo, copyright leseni. Faili la rules huamuru ujenzi. Langu lilikuwa na mistari mitatu, lakini lilinila jioni nzima: wa mwisho lazima uanze kwa kitufe cha Tab, nami niliweka nafasi za kawaida. Jicho halioni tofauti!

Hatimaye dpkg-buildpackage ikanipa kifurushi. Nikakikagua kwa lintian, haikuona kosa. Nikampelekea dada anayetunza maktaba, siku ya kuazimisha, foleni imefika mlangoni. Kikasakinishwa vizuri, ila programu ikagoma kufunguka. Dada akarudia daftari lake. "Kaka, kwako inafanya kazi," akaniambia, "lakini vitabu viko huku."

Kumbe katika Debian sehemu ya Python inayochora madirisha hukaa kwenye kifurushi chake, python3-tk. Mimi nilikisakinisha zamani nikasahau, kwa hiyo laptopu yangu ilinificha kosa. Na lintian hukagua kifurushi tu, haiendeshi programu.

Nikaandika python3-tk kwenye mstari wa Depends ndani ya control, na toleo 1.0-1 nikalifanya 1.0-2. Namba ya kabla ya kistari ni ya programu, ya baada yake ni ya ufungaji. Ukiiacha ileile, apt huenda ikaona hakuna jipya. Safari hii nilijaribu kwanza kwenye kompyuta pepe yenye Debian tupu. Nikatumia apt install, nikianza njia ya faili kwa ./ ili apt ijue ni faili langu, nayo ikavuta python3-tk yenyewe.

Dada alisakinisha Alhamisi. Daftari bado liko mezani kwake.