Dondoo muhimu: Hakiki programu kabla ya kuiamini

Machi 2024, mlango wa siri uligunduliwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili inayotumika sana kwenye Linux. Sehemu muhimu ya hila hiyo haikuwamo kwenye msimbo ulio wazi kwa wote. Ilitiwa kwenye vifurushi vya matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Ukiandika au kusimamia programu, zingatia haya:

1. Soma jina herufi kwa herufi. Wahalifu husajili vifurushi vyenye majina yanayokaribiana na ya kweli, wakitegemea herufi moja ikupite. Nakili jina kutoka tovuti rasmi ya mradi.

2. Lipe kila toleo namba yake. Neno "mpya" halitoshi. Kesho litamaanisha kitu kingine.

3. Jenga upate kilekile. Msimbo uleule na zana zilezile zitoe faili lilelile, baiti kwa baiti. Kikwazo cha kawaida ni tarehe na saa zinazoingia wakati wa kujenga. Zidhibiti kwa kigezo cha mazingira SOURCE_DATE_EPOCH.

4. Linganisha. Mwenzako ajenge kwenye kompyuta nyingine, kisha mlinganishe matokeo ya amri ya sha256sum. Herufi moja ikitofautiana, simamisheni toleo mpaka sababu ijulikane.

5. Usitegemee kificho. Mwaka 1883, mtaalamu wa usimbaji fiche Auguste Kerckhoffs alisisitiza kwamba mfumo ubaki salama hata adui akiujua. Siri iwe ufunguo. Kubadili jina la ukurasa wa kuingilia hakutibu nenosiri dhaifu.

Watumiaji wako hawawezi kukagua kila mstari. Wape njia ya kuhakiki.