Ulemavu wa Akili: Namna ya Kupeleka Hitaji la Familia Yako Kwenye Bajeti ya Kaunti

Katika vikao vya kukusanya maoni ya bajeti, wakazi hutaja barabara, maji na dawa. Mahitaji ya watu wenye ulemavu wa akili hutajwa kwa nadra. Mara nyingi mama au nyanya anayewalea amebaki nyumbani, kwa kuwa hana wa kumwachia. Hitaji lisiposemwa haliandikwi, na lisipoandikwa ni vigumu kutengewa pesa.

Fahamu maana yake. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Ni hali inayoanza utotoni, ambapo mtu huchelewa kujifunza, kuelewa na kujitegemea. Si laana wala adhabu. Akipewa muda na maelekezo mepesi, anajifunza. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kuheshimiwa na kutoitwa kwa namna inayomdhalilisha. Majina ya kejeli mitaani tuyaache.

Jua la kuomba. Serikali ya kaunti husimamia chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na hospitali za kaunti. Shule za msingi, za upili na elimu maalum ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo, katika kikao cha kaunti unaweza kuomba:

- mwalimu wa chekechea apewe mafunzo ya kumfundisha mtoto huyu pamoja na wenzake;
- huduma za tiba ya mazoezi na ya usemi zisogezwe karibu na wadi;
- kijana apewe nafasi katika chuo cha ufundi.

Zingatia tarehe. Kila mwaka, mpango wa maendeleo hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Ukingoja hadi Juni, mengi yameshaamuliwa. Uliza mapema katika ofisi ya msimamizi wa wadi siku na mahali pa kikao.

Njoo naye. Kikao ni chake pia. Mwulize kwa sentensi fupi anachotaka, subiri jibu, na usimjibie. Kisha wasilisha ombi kwa maandishi: hitaji ni lipi, ni la mahali gani, na watu wangapi wanalihitaji. Kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hivyo tafuta wazazi wenzako mje pamoja.

Nawe jirani, una kazi. Mjulishe mama huyo tarehe ya kikao, mtembee pamoja, na mketi naye mstari wa mbele. Kijana wake akisimama kuzungumza, tunyamaze tumsikilize hadi amalize.