Usianze na "Ilikuwaje?"

Wadogo zangu wa vyuoni, leo nina swali la binti wa mwaka wa pili. Anasema tangu warudi likizo, mwenzake wa chumba halali mpaka alfajiri, mlango ukigongwa anaruka kitandani, na vipindi vya jioni amevikimbia. "Dada, kila siku namwuliza kilichompata, hataki kusema. Nifanyeje?"

Kwanza kabisa, mdogo wangu, acha kumwuliza.

Najua nia yako ni njema. Lakini aliyepatwa na jambo la kutisha alitendewa bila kuulizwa kama anataka. Ukimbana aseme, unamrudisha palepale. Mwambie tu: "Naona hulali. Ukitaka kuongea nipo, usipotaka pia nipo. Leo taa tuiache ikiwaka?" Akijibu ndiyo au hapana, ameamua jambo lake mwenyewe. Anza na hayo madogo.

Usimwite mwoga pia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa mfano, nchini Kenya tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walivamia chuo kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku kumi baadaye, kabla hakujapambazuka, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wengine wakajirusha kutoka ghorofani. Mmoja alifariki, zaidi ya 100 wakaumia. Na huko ni Kikuyu, mamia ya kilomita kutoka Garissa! Sasa fikiria hali ya yule ambaye jambo limempata yeye mwenyewe.

Kwa hiyo, ukifika mlangoni gonga taratibu, taja jina lako. Usimshike bega kwa nyuma, na ule utani wa kushtuana uishe humo chumbani. Akianza kutetemeka, mwambie akanyage sakafu kwa miguu yote miwili, akutajie vitu vitano anavyoviona. Ongea polepole, usimzonge.

Akikwambia amebakwa, na ni juzijuzi, hapo saa zina maana. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo bora. Ikiwezekana asioge kabla ya kupimwa, na nguo alizovaa zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Kwa walio Kenya, namba 1195 ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia hupigwa bure. Mpe habari hizi, msindikize hospitali akikubali, lakini usimburute.

Masomo nayo yasisahaulike. Asiyelala hawezi kukariri, na matokeo yakishuka ataitwa mvivu. Mwulize kama angependa mwende pamoja kwa mlezi wa wanafunzi kuuliza utaratibu wa kuahirisha mtihani. Hali ikipita mwezi mmoja bila nafuu, amwone mshauri nasaha au daktari. Wala halazimiki kusubiri mwezi uishe.

Jambo moja tu usimfichie: akitaja kujiua. Mwambie waziwazi kwamba unaita msaada, kisha usimwache peke yake. Kenya, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu ni ya bure.

Nanyi walimu mnaonisoma, mwanafunzi akishaeleza mara moja inatosha. Msimzungushe ofisi kwa ofisi akirudia kisa kilekile mbele ya kila karani.

Ukiacha hilo la kujiua, mengine yote aliyokueleza mwenzako ni amana. Yasionekane kwenye kundi la WhatsApp la darasa, hata kwa kisingizio cha kumwombea dua. Nawe mdogo wangu, kukesha na mtu kunachosha. Kula, lala, na ukielemewa nenda kwa huyo huyo mshauri nasaha wa chuo. Yupo kwa ajili yako pia.