Jongoo na Mvinje

Mwaka jana sisi wa Kidato cha Pili tulipanda miche 40 ya miembe na mikwaju katika shimo la zamani la mawe lililo nyuma ya shule. Baada ya miezi mitatu yote ilikuwa imekauka, nami nikalaumiwa, kwa kuwa zamu ya kumwagilia ilikuwa yangu. Ni kweli, siku mbili nalisahau. Lakini tangu nisome habari za Bamburi, kaskazini ya Mombasa, naona kosa letu lilianza kabla ya maji.

Huko kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954. Mawe ya matumbawe yalipokwisha kuchimbwa, ulibaki uwanda mweupe usio na udongo, na chini yake maji ya chumvichumvi. Mwaka 1971 Mswisi mmoja, mtaalamu wa kilimo, Bwana René Haller, alianza kuuotesha miti. Alijaribu aina 26. Zilizosalimika ni 3 tu, mmojawapo mvinje.

Mvinje hustahimili chumvi, na mizizini mwake hukaa bakteria wanaoupatia naitrojeni ya hewani. Hata hivyo likazuka jambo ambalo mimi nisingalilifikiri. Vijiti vyake vyembamba kama sindano, ambavyo wengi wetu twaviita majani, vilianguka vikalundikana wala havikuoza, maana vina tanini nyingi. Pasipo kuoza hapana udongo. Ndipo Haller alipomwona jongoo mwenye miguu myekundu akivila. Basi akaleta majongoo wengi. Wakatafuna, na kinyesi chao kikawa chakula cha vijidudu viozeshavyo.

Udongo ulipopatikana, mivinje ilipunguzwa kidogo kidogo, ikapandwa miti ya asili ya pwani. Ndege wakaja wenyewe. Wanyama wengine waliletwa, kama kiboko Owen, yatima aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe Mzee.

Mwalimu wetu wa Baiolojia asema mvinje asili yake ni Asia na Australia, kwa hiyo yafaa tuangalie usitawale. Mimi naufananisha na jukwaa la mwashi, ambalo huondolewa ukuta ukiisha kusimama.

Sasa tumepanda mivinje 12 shimoni. Majongoo bado, kwani hakijaanguka kitu cha kuwalisha. Lakini wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza wamekwisha kusema kwamba wao hawatawagusa.